Baridi Isimwingie Zuhura

Tangu nirudi sijapata hata asubuhi moja ya kunywa chai yangu kwa utulivu. Mlango unagongwa, anaingia huyu, anatoka yule, salamu zinakwenda mbio isivyo kawaida ya watu wa Malindi, kisha swali ni lile lile: ilikuwaje huko kwenye barafu, na ni kweli ulishikwa na mtoto wa watu mkononi? Nimeisimulia habari hii mara nyingi hata nimeanza kujisikia nikiipamba. Basi naiandika mara moja, kama ilivyokuwa, na atakayekuja kuuliza nitampa karatasi asome huku mimi nikimaliza chai. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha, hayana utamu kwa mtu yeyote.

Malindi: koti linarudi kwao

Mwanangu Zuhura anaishi Ufini, upande wa kaskazini, ambako mwezi wa kwanza jua huchungulia kidogo mchana kisha likaondoka zake. Alikwenda kusomea uuguzi, akabaki. Mumewe ni Karisa, kijana wa Ganze. Ndiyo, Ganze hii yetu ya ukame na foleni za mitungi. Kazi yake huko ni kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Siku niliyoambiwa nilicheka hadi nikashika mbavu: mtu amekulia mahali ambapo maji hutafutwa kwa miguu, leo anaamka alfajiri kuyasukuma kando kwa sababu yamezidi.

Mimba ya kwanza ya Zuhura ilifika mwezi wa nane, mtoto akafia tumboni. Mimi nilikuwa hapa, yeye kule, na kati yetu simu. Alipopata tena, hakuniomba nguo wala dhahabu. Aliniambia, "Mama, safari hii sitaki kuzaa bila wewe." Nikamwahidi kwamba mtoto hatatoka kabla sijafika. Ahadi hiyo ndiyo niliyoibeba, na vingine vyote vilikuwa vifurushi tu.

Wenyeji mnajua, lakini nitaandika kwa wasiojua. Kwetu mwanamke akijifungua, adui wake wa kwanza ni baridi. Madirisha hufungwa, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, tumbo hufungwa mkaja, na kichanga hatolewi nje mpaka arobaini itimie. Baridi ikimwingia mzazi, tunasema, itamkaa mgongoni hadi uzeeni. Na maneno hayo tunayasema hapa Malindi, ambako baridi yenyewe ni kaupepo ka mwezi wa saba kanakotufanya tuvae sweta na kulalamika msikitini. Fikirieni basi nilivyokuwa nikiiwaza hiyo Ufini. Nilikuwa nampeleka mwanangu kinga ya baridi nyumbani kwake baridi.

Majirani walinijazia sanduku: mafuta ya nazi, mdalasini, tangawizi kavu, kanga, na mikaja ya kutosha kufunga matumbo ya kata nzima. Dada yangu Mwanaidi alikwenda sokoni kwa wauza mitumba akarudi na koti zito la buluu. Muuzaji alimwapia kwamba limetoka huko huko kwenye theluji. Nami nikalivaa nikaenda nalo uwanja wa ndege wa Malindi, kwa vile sanduku halikuwa na nafasi tena. Jasho lilinitiririka mpaka askari wa ukaguzi akaniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamjibu kwamba siumwi, ni koti linarudi kwao.

Jiji la kwanza, na habari mbaya

Njia ya angani sina la kusema juu yake, nililala na nikaamshwa kula. Niliposhuka na kuwasha simu, nikakuta ujumbe wa Karisa. Zuhura ameanza uchungu mapema kuliko tulivyotarajia, yuko hospitali. Kaskazini dhoruba imeshuka tangu jana, kwa hiyo yeye hawezi kuja kunipokea, yuko barabarani na gari lake. Nipande garimoshi, atamtuma mtu anichukue nikifika.

Nilisoma ujumbe ule mara tatu, na kila mara nilizidi kumkasirikia Karisa. Mke yuko kwenye uchungu, mume yuko anasukuma theluji! Nikajisemea kwamba huyu akinikuta mbele yake atanitambua. Nikatoka nje kutafuta kituo.

Pumzi ya kwanza ilinikata. Niliposhika pua nikahisi ndani mna vitu vigumu, kumbe ni vinyweleo vimeganda. Macho yalitoa machozi na machozi yakakwama njiani. Nikasimama pale mlangoni nikiamini kwamba serikali yao imeshatangaza watu wasitoke majumbani. Mbele yangu bibi wa makamo akapita juu ya baiskeli, kikapu kimejaa vitunguu, akikata kona juu ya barafu kama yuko uwanjani. Nyuma yake wakafuata watoto wa shule wakicheka, mmoja kofia mkononi. Hakuna aliyekimbia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natembea nimejikunyata, nikisoma dua za hatari.

Garimoshi msituni

Ndani ya behewa mlikuwa na joto zuri na watu wengi, nami nikafanya kama nilivyolelewa. Nikawasalimu. Nikawaambia habari zenu, poleni na baridi, kwa Kiingereza changu cha miaka mingi ya kusomesha shuleni Dabaso. Hakuna aliyeitikia. Wawili waliangalia viatu vyao, na bwana aliyekaa karibu na kiti changu akasogea dirishani, akanipa nafasi ya watu wawili. Nikadhani nimetenda kosa. Baadaye nilijifunza kwamba ile ndiyo heshima yenyewe, kumwachia mtu nafasi na kutomsumbua.

Tulikwenda vizuri mpaka katikati ya msitu, garimoshi likapunguza mwendo, likasimama. Sauti ikatangaza kitu kwa lugha yao. Nikangoja watu wapige kelele. Ingekuwa kwetu, dakika hiyo hiyo angesimama msemaji, mwingine angempigia simu mtu anayemjua serikalini, na kina mama wangeshaanza kugawana mkate. Kwa hawa hakuna kilichobadilika. Mwanamke mmoja alitoa sufu akaanza kufuma soksi. Mwingine akafunga macho.

Nikamuuliza bwana wa dirishani kuna nini. Akafikiri. Akasema mti umeanguka juu ya reli kwa uzito wa theluji. Nikamuuliza tutakaa hadi lini. Akatazama nje kwenye giza, na ilikuwa bado alasiri, kisha akasema, "Ni majira ya baridi." Nikangoja aendelee, hakuendelea. Jibu lilikuwa limekwisha. Baadaye nililisikia tena na tena midomoni mwa wengine, na kila mara lilitosha kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Simu ikalia, ni Zuhura. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, kama anasoma taarifa. Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko karibu. Sikujua niko karibu na nini. Akasema sawa mama, kisha nikasikia pumzi zake zikienda kwa mpigo, ndefu, fupi, ndefu. Mimi nimezaa watoto wanne na najua pumzi hizo ni za wapi. Nikamwambia apige kelele tu, asijizuie. Akajibu kwamba huku hawapigi kelele. Simu ikakatika.

Garimoshi likarudi nyuma taratibu hadi kituo kidogo tulichokuwa tumekipita. Tukaambiwa tusubiri kwenye mkahawa wa jirani. Basi je? Hakuna, barabara inayozunguka ziwa nayo imezibwa na miti. Mji wa hospitali uko ng'ambo ya ziwa hilo. Pengine kesho, wakasema, na wakaanza kushusha mizigo yao bila neno.

Mkahawani

Mkahawa ulikuwa nyumba ya mbao yenye taa katika kila dirisha. Abiria wenzangu waliingia wakapanga foleni, na mmoja wao, naapa, alinunua aiskrimu. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu mguu mmoja uliteleza kwenda huku na mwingine kule. Ndipo nilipokiona kigari cha mtoto kimeegeshwa nje, karibu na ukuta, theluji imeshaanza kukaa juu ya kifuniko chake.

Nilidhani ni kitupu, nikachungulia. Ndani alikuwa mtoto wa miezi michache, macho yamefumbwa, mashavu mekundu, hatikisiki.

Nikatazama huku na huku, sikuona mtu. Nikapiga hodi hewani, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kimya. Mawazo mawili yakanijia kwa pamoja: kwamba kuna mwanamke amemtupa mwanawe, na kwamba mtoto huyu amekwisha kufa. Asije mtu leo akaniambia ningetulia kwanza. Mimi natoka mahali ambapo kichanga akipigwa na upepo wa dirishani, mama yake husemwa na mtaa mzima. Nikaingiza mikono, nikamtoa na blanketi zake, nikafungua koti, nikamtia kifuani, nikasukuma mlango kwa bega.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la kuni lililokuwa pembeni, nikachuchumaa nikaanza kumsugua mgongo. Alikuwa na joto. Mkono wangu ulilijua hilo kabla ya akili yangu. Shingo yake ilikuwa na jasho kidogo, kama ya mtoto wetu aliyelala mchana. Lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kuacha, nasugua huku nasoma dua, mpaka akafumbua macho, akaona sura asiyoijua, akapasua ukelele.

Watu walikuwa kimya tangu mwanzo, lakini sasa kimya kilibadilika. Vijiko viliachwa. Mwanamke kijana akainuka kwenye meza ya dirishani na kuja. Hakukimbia wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto wangu," akasema, polepole, kama anaongea na mtu aliyeshika kisu.

Sikumpa. Nilimkumbatia zaidi, nikamuuliza kama yeye ndiye mama, na ni mama gani anayemwacha mwanawe kwenye barafu akaingia ndani kunywa kahawa. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika katika nyumba ile, nina hakika. Kisha nikamwona bwana mmoja karibu na kaunta, simu sikioni, ananitazama bila kupepesa. Katika maneno yake nikalitambua moja, polisi.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Polisi wakija watanichukua. Watanihoji leo, watanihoji kesho, na Zuhura atazaa peke yake, na safari hii nitakuwa nimeshindwa nikiwa hapa hapa, upande wa pili wa maji. Nikampa mtoto wake, nikakaa sakafuni na koti langu la buluu, nikalia kwa sauti bila kujali.

Mwanamke yule alimbembeleza mtoto mpaka akatulia. Nilitazamia aondoke, lakini yeye akachuchumaa mbele yangu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote, kwa fujo, bila mpangilio: arobaini, baridi, mtoto wa kwanza aliyefia tumboni, ahadi, mti ulioanguka. Naye akanieleza kwa maneno machache. Watoto wao hulala nje mchana, wamevikwa tabaka kwa tabaka. Hulala vizuri zaidi kwenye hewa ya baridi. Yeye alilazwa hivyo, na mama yake vilevile. Mezani kwake palikuwa na kijisanduku kinachomletea sauti ya mtoto, na alikuwa amenisikia nikipiga hodi nje, akashangaa ni lugha gani.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia pia, kwa kuwa siwezi kuzuia mdomo wangu, kwamba hata hivyo wanakosea. Alicheka kidogo. Akamgeukia bwana wa simu akamwambia neno moja, yule akaishusha. Jina lake lilikuwa Sanna. Kwenye meza yake aliketi babake, Veikko, mzee mwenye nyusi nene, ambaye muda wote ule alikuwa akimalizia mkate wake. Sanna alimwambia jambo. Mzee akafuta mdomo, akavaa kofia, akabeba sanduku langu akatoka nalo. Hakuniuliza chochote; Sanna ndiye aliyeniambia nimfuate, atanifikisha hospitali.

Juu ya ziwa

Nilidhani Veikko anajua njia ya siri ya msituni. Gari lake halikwenda msituni. Lilishuka mteremko, likapita maboti yaliyolazwa kifudifudi chini ya theluji, na mbele yetu pakafunguka uwanda mweupe usio na mti. Mimi ni mzaliwa wa Takaungu, ufuo naujua nikiuona hata ukivikwa shuka. Nikamwambia asimame. Akasimama. Nikashukuru Mungu.

Kumbe alisimama ili afungue mkanda wake. Akanionyesha kwa kidole nifungue na wangu. Kisha akateremsha vioo, baridi ikaingia yote.

"Kwa nini tunafungua mikanda?" nikamuuliza.

"Ili uweze kutoka."

"Kutoka kwenda wapi?"

Veikko akanyoosha kidole chini. Kisha akaingiza gari ziwani.

Nimekaa na wavuvi maisha yangu yote, na nimeona bahari ikiwa na hasira. Lakini katika bahari mtu anajua kwamba chini yake ni maji, na chombo kinajua. Hapa tulikuwa ndani ya gari, lenye magurudumu na redio, juu ya maji ambayo yalikuwa yamekubali kutubeba kwa muda tu. Njia ilionyeshwa kwa matawi ya misonobari yaliyochomekwa kwenye barafu. Upepo ulifagia theluji mbele ya taa hata nikawa sioni tawi la pili. Chini yetu kitu kikalia, mlio mrefu wa kina, ukaanzia kushoto ukapita chini ya miguu yangu ukaishia mbali kulia. Nikashika mlango. Veikko akasema huo ni mzuri, barafu inakaza. Nikamuuliza mbaya ukoje. Akasema mbaya hausikiki.

Simu ikatikisika mfukoni. Alikuwa Karisa, na nyuma yake gari lake likiunguruma.

"Shikamoo mama. Umefika wapi?"

"Marahaba. Niko ziwani."

"Wangojea kivuko?"

"Niko juu yake, Karisa. Juu ya maji, ndani ya gari."

Nikasikia akisema Mulungu wangu, pole pole, kwa lugha ya kwao. Kisha akaniambia habari zenyewe. Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yakishuka na kupanda. Wakunga walikuwa wakizungumza juu ya upasuaji. Zuhura hasemi kitu. Wakimuuliza maumivu, anajibu kwamba yuko sawa. Na yeye Karisa alikuwa mbele ya gari la wagonjwa, akilifungulia njia kwa mama mwingine anayetolewa shambani, na akiacha usukani yule hatapita. Sauti yake ilikatika katikati. Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia nikayameza. Nikamwambia, "Fanya kazi yako, baba. Mimi nakwenda kwa mkeo."

Katikati ya ziwa Veikko alisimamisha gari, akatoka na chuma kirefu. Nilimwona kwenye mwanga wa taa akidunga barafu hapa, akisikiliza, akidunga pale. Palikuwa na ufa, na maji meusi yamepanda juu yake. Nikawaza kwamba mwanangu atazaa huku mimi nimezama na mikaja yangu, na kwamba hakuna hata mtu mmoja Malindi atakayeamini nilizama nikiwa kwenye gari. Alirudi akiwa na barafu kwenye nyusi, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Nikamwambia hatuna muda wa kahawa. Akanishikisha kikombe hata hivyo, na nusu ikanimwagikia mapajani. Akakaa kidogo akifikiri. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia. Sanna alizaliwa ng'ambo kule. Yeye mwenyewe alimvusha mama yake hapa, mwezi wa nne, barafu imeshaoza, kwa sababu mtoto hakusubiri. Leo ni afadhali, akasema.

Sikujua kama ananifariji. Aligeuza usukani akauzunguka ufa kwa mbali, gurudumu moja likakanyaga maji, gari likazama kidogo upande wangu, nikasoma shahada. Likapanda tena.

Na hapo, ndani ya upepo ule, taa ikamulika mtu. Mzee mmoja amekaa juu ya kigoda, mgongo kwa dhoruba, ameshika kijiti cha kuvulia juu ya tundu lisilozidi ukubwa wa sufuria. Yuko peke yake, kwa raha zake. Veikko alipunguza mwendo. Nikadhani watasalimiana, wataulizana habari za nyumbani na za samaki. Veikko akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Yule akainua kidevu. Tukapita. Ningekuwa na nafasi moyoni ningecheka mpaka ng'ambo.

Ng'ambo

Veikko alinishusha mlangoni mwa hospitali, akaweka sanduku chini, na kabla sijapata neno la shukrani akashika njia ya kurudi ziwani.

Katika ujia wa wazazi nilitega sikio. Kwetu chumba cha kuzalia unakisikia kabla hujakiona. Huku nilisikia viatu vyangu mwenyewe, na mashine mahali fulani ikipiga vilio vidogo vidogo, mara mbio, mara pole. Mkunga mrefu alinijia, akanishika bega. Alisema Zuhura ni hodari sana. Tangu asubuhi hajatoa sauti hata moja, hata wao wanashangaa. Alilisema kama sifa, nami moyo ukanipasuka.

Alikuwa amelala upande, ameutazama ukuta. Mdomo wa chini ulikuwa na damu kwa kuuma. Vidole vyake vilikuwa vimeshika chuma cha kitanda, na vilikuwa vimekakamaa. Mwanangu, aliyekuwa akijikwaa kidole mtaa mzima ukajua, alikuwa amejifunza baridi ya watu hawa mpaka ndani.

"Zuhura," nikamwita.

Aligeuza kichwa taratibu. Alinitazama kama mtu anayehesabu kama mimi ni wa kweli. Nikavua lile koti, nikamshika uso kwa mikono miwili. "Mama yako nimefika. Nani amekwambia unyamaze? Lia."

Akalia. Akaniita mama kwa sauti iliyotoka unyayoni, akanivuta shingo nikaanguka nusu kitandani, akalia ya leo na ya yule wa kwanza, yote pamoja. Mkunga alishtuka akasogea kutuzuia, kisha akasimama. Alikuwa ametazama mashine. Mapigo yalikuwa yamekaa sawa. Akawaambia wenzake jambo, wakaacha walichokuwa wakikiandaa, wakaja miguuni.

Sitaeleza yaliyofuata, walio mama wanayajua na wengine hayawahusu. Zuhura alipiga kelele kila mara nilipomwambia apige, nami nikapiga naye, na mlango ukafunguliwa mara mbili na watu waliotaka kujua kama pana usalama. Mtoto akatoka. Ni wa kiume, wa rangi ya zambarau, mrefu kama babake.

Hakutoa sauti.

Mkunga alimgeuza, akamsugua, akamwingizia mpira mdogo mdomoni. Zuhura hakuuliza. Alikuwa amenikamata mkono, akinitazama mimi, si mtoto, kwa sababu usoni mwangu ndiko angejua kwanza. Nikajikaza kisabuni nisibadilike. Ndani nilikuwa namwambia Mwenyezi Mungu kwamba baridi yote ya nchi hii nimeikubali, ile ya nje na ile ya ziwani, ila hii asituletee.

Kikasikika kikohozi kidogo. Kisha akalia, kwa hasira, kilio cha mtu aliyeudhiwa kweli.

Mkunga akatabasamu, akamlaza kifuani kwa Zuhura, akaanza kumwelekeza kwenye titi ili atulie. Zuhura akamzuia mkono.

"Mwache alie kwanza," akasema. "Babake hajamsikia."

Nikachukua simu nikampigia Karisa. Alipopokea akasema gari la wagonjwa limeshapita, nami niliisogeza tu simu karibu na mdomo wa mjukuu wangu. Upande wa pili gari lake lilikuwa likiunguruma barabarani. Kisha injini ikazimwa.